Uzi: Mchuzi wa kiporo cha sikukuu huanza jioni, si asubuhi

Kibao cha Mbuzi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za sikukuu, na poleni wote mlioamka leo mkakuta masufuria manne yanawasubiri kwenye karo. Kila tarehe 26 Desemba swali huwa lilelile, kwamba nyama na pilau vilivyobaki jana vifanywe nini zaidi ya kupashwa moto, na jibu nalo huwa lilelile: tia vyote katika sufuria moja, ongeza maji, nyunyiza bizari, umemaliza. Nimepika hivyo kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nimekula mchuzi ambao nyama yake ni nyuzi kavu, viazi vyake vimevurugika, na juu yake pameelea mafuta ya kutosha kuwashia koroboi. Mchuzi mzuri wa kiporo unaweza kuiva asubuhi kwa nusu saa, lakini nusu saa hiyo inategemea ulichokifanya jana jioni, wakati wageni wangali sebuleni wanakunywa soda.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo moja ambalo bibi yangu wa Tanga hakutaka lijadiliwe. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani au katika bakuli la kupakulia, ambacho mkono wa mlaji haujakigusa. Kilichobaki kwenye sahani, au kwenye sinia walilolizunguka watu sita, hicho ni makombo, hata kama ni paja zima la kuku, na makombo hayaingii katika mchuzi huu. (Wapenzi wa mpira, viporo vya ligi vina jukwaa lake.)

Jana nyumbani kwetu Dar es Salaam tulipika pilau ya kilo 4 za mchele, tukachoma kuku wanne na nyama ya mbuzi, na kachumbari ikajaa beseni. Chakula kilipakuliwa saa 8 mchana. Ilipofika saa 10 jioni niligawa kilichobaki mafungu mawili. Fungu la wageni wa jioni, wale wanaopita baada ya kuzunguka kwa ndugu wengine, lilibaki katika sufuria ndogo juu ya jiko, limepaliwa makaa chini na juu ya mfuniko, kwa hiyo liliendelea kuwa la moto wa kuchoma mkono mpaka lilipoliwa. Fungu la pili, ambalo nilijua halitaliwa siku hiyo, nililishughulikia palepale. Najua kwamba mwenye nyumba anayekusanya vyombo mapema huonekana anafukuza wageni, ndiyo maana kazi hii hufanywa jikoni, mlango ukiwa umerudishwa.

Pilau niliitandaza kwenye masinia mawili mapana, tabaka lisilozidi unene wa vidole viwili, ikapoa upesi kisha ikaingia kwenye friji ikiwa ndani ya vyombo vifupi vyenye mifuniko. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Mchele mbichi hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala katika sufuria nzito iliyofunikwa, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kuacha sumu ndani ya wali. Sumu inayosababisha kutapika haiondolewi na moto, kwa hiyo ule ushauri wa kusema kwamba ukiupasha vizuri hakuna tatizo si wa kweli kwa wali uliolala nje. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi ndipo vijidudu hustawi; na mnajua kwamba usiku wa Desemba hapa mjini joto huwa karibu nyuzi 25 hata kama madirisha yote yako wazi.

Baada ya pilau nilihamia kwenye nyama, ambayo nilianza kuichambua ingali vuguvugu, kwa sababu ikishapoa kabisa huganda kwenye mfupa na utaipasua kwa kisu badala ya kuivuta kwa vidole. Nyama niliiweka upande mmoja, mifupa upande mwingine. Ngozi ya kuku wa kuchoma niliiondoa, maana utamu wake uko katika kukauka, na ikiingia katika mchuzi hulegea na kuteleza kama kitambaa kilichorowa. Sehemu za mbuzi zilizoungua hadi kuwa nyeusi nilizikwangua, kwani kipande kimoja cha masizi huharibu mchuzi wote kwa uchungu ambao sukari wala ndimu haiufuti. Nyama iliingia kwenye friji, na mifupa niliitupia katika sufuria yenye maji lita 2, kitunguu kimoja kilichokatwa vipande viwili na kipande cha tangawizi iliyopondwa, nikaibandika juu ya makaa yaleyale yaliyokuwa yamebaki baada ya kuchoma kuku. Haikuhitaji mkaa mwingine. Baada ya saa moja niliichuja, nikaisimamisha sufuria katika beseni la maji baridi mpaka ikapoa, kisha nikaiingiza kwenye friji.

Leo asubuhi mafuta yalikuwa yameganda juu ya supu kama kipande cha chapati nyeupe, nikayaondoa kwa kijiko, na yale mafuta ya koroboi niliyoyataja mwanzoni yakawa yameishia hapo.

Sasa nije kwenye kachumbari, ambayo wengi wetu huimwaga. Kachumbari iliyobaki ni kitunguu na nyanya ambazo mtu mwingine ameshakukatia, yaani nusu ya kazi ya mchuzi imekwisha. Ila ina mambo matatu ya kuangalia: tango, maji, na ndimu. Tango liondolewe lote, kwa sababu halina faida yoyote katika moto. Maji yaliyotolewa na chumvi yachujwe. Ndimu ndiyo yenye hila. Mwaka juzi nilimimina kachumbari katika mchuzi uliokwisha kutiwa tui, na mbele ya macho yangu tui likakatika. Sufuria ikawa na vidonge vyeupe vinavyoogelea katika maji ya manjano, na mama mkwe amesimama nyuma yangu ameshika upawa, hasemi neno. Tangu siku hiyo kachumbari yangu huingia kwanza, katika mafuta ya moto, peke yake, na huikaanga mpaka maji yakauke, ile harufu kali ya ndimu ipungue, na vitunguu vianze kupata rangi ya kahawia pembeni. Ukisikia mlio wa sufuria umebadilika kutoka kububujika na kuwa wa kukaanga, ndipo uendelee.

Kwa watu sita nilitumia vikombe 2 vya kachumbari iliyochujwa, nyanya 2 nyingine zilizoiva sana, kijiko kidogo kimoja cha bizari ya mchuzi, vitunguu saumu punje 4 zilizotwangwa, vikombe 4 vya ile supu, viazi mbatata 4 na nazi moja kubwa. Baada ya kachumbari kukaangika, nilitia kitunguu saumu na bizari, nikakoroga kwa muda mfupi tu, nikaongeza nyanya mpaka zikapondeka. Kisha supu na viazi vikaingia pamoja, vikachemka kwa dakika 15. Viazi vilipokuwa vinapenyeka kwa uma nilitia tui jepesi, na likianza kuchemka nikaingiza nyama yote iliyochambuliwa, ambayo ni karibu nusu kilo. Tui zito liliingia mwisho, moto ukiwa mdogo, huku nikikoroga kwa kuteka mchuzi kwa upawa na kuurudisha bila kuacha, mpaka mchuzi ukachemka vizuri. Nyama ilikaa motoni dakika kama 8 tu, muda unaotosha kuchemka mpaka ndani. Imeshaiva jana, leo inahitaji kupata moto na kunywa mchuzi, haihitaji kupikwa mara ya pili.

Chumvi sikuongeza hata chembe. Nyama ya kuchoma ilikuwa na chumvi, supu ya mifupa ilikuwa na chumvi, kachumbari ilikuwa na chumvi. Onja kwanza.

Pilau yenyewe haiingii sufuriani. Nimejaribu, na punje huvimba zikanywa mchuzi wote, halafu karafuu na mdalasini hutawala kila kitu. Hupashwa pembeni kwa kunyunyiziwa maji kidogo na kufunikwa mpaka itoe mvuke mwingi, kisha mchuzi humwagwa juu yake sahanini. Na pilau hiyo huliwa leo leo. Haipashwi tena kesho.

Karibuni mchangie.

Mwiku wa Mvita

Dada, ahsante kwa uzi wenye manufaa. Huku kwetu Mombasa kiporo tunakiita mwiku, na mwiku wa Idi una heshima yake, kwani wapo watu katika nyumba yetu wanaokula kidogo siku ya Idi makusudi ili wapate nafasi asubuhi ya pili.

Nakubaliana nawe kuhusu kachumbari, ila ningependa kuongeza chapati. Chapati zilizolala huwa ngumu, na wengi huzipasha kwenye kikaango mpaka zikawa kama ngozi ya ngoma. Mimi huzikata vipande vya upana wa vidole viwili na kuviingiza katika mchuzi wa aina hiyo dakika 3 kabla ya kuepua, mchuzi ukiwa mwepesi kidogo kuliko kawaida. Vipande hunywa mchuzi, vikalainika nje na kubaki na ukakamavu ndani. Shangazi yangu aliyeolewa Muscat anasema huko chakula cha jamii hii kinajulikana kwa jina la tharidi, mkate mwembamba uliovunjwavunjwa na kumwagiwa mchuzi wa nyama, nacho ni chakula cha zamani sana kwa Waarabu. Kwa hiyo tusione haya kana kwamba tumebuni kitu cha dhiki.

Jambo moja la kutahadharisha: ukiwa na kuku wa kukaanga badala ya wa kuchoma, usiweke viazi na chapati kwa pamoja. Mchuzi utakuwa mzito hadi kijiko kisimame.

Mkaa Mbili

Mwanangu, nimesoma yote na nimejifunza hilo la kukaanga kachumbari. Lakini habari za mbegu za bakteria kwenye wali naona zimezidi. Sisi tumekua tukila kiporo cha wali na chai ya rangi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, wali umelala kwenye sufuria juu ya mafiga, hakuna friji wala umeme, na tumefika umri huu tukiwa na wajukuu. Vijana wa siku hizi mnakiogopa chakula.

Kibao cha Mbuzi

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru kwa kusoma hadi mwisho. Sipingi kwamba mlikula na mkaenda shule, na mara nyingi mtu hula na asidhurike, kwa sababu si kila wali huwa na vijidudu wa kutosha. Ila naomba nikukumbushe mambo mawili. Wali wa siku za kawaida ulikuwa kidogo, unabaki ukoko na konzi chache juu yake, na kiasi hicho hupoa upesi. Pilau ya sikukuu ni sufuria la kulisha watu 30, ambalo usiku wa manane ukitia mkono katikati bado unakuta joto. Pili, kila baada ya sikukuu kulikuwa na watu wa kutapika na kuendesha, sema tulikuwa na jina jingine. Tulisema fulani amezidiwa na mafuta, au mtoto hakuzoea nyama. Nilisema hivyo mimi mwenyewe kuhusu mwanangu miaka kadhaa iliyopita, na pilau aliyokula asubuhi ile ilikuwa imelala nje, nimeifunika mimi kwa mkono wangu.

Mkaa Mbili

Marahaba. Hilo la mafuta umenishika, maana tumelisema sana. Basi nitamwambia mama wa nyumbani atandaze kwenye sinia, lakini ukoko uachwe palepale sufuriani, huo ni wangu usiku huohuo.

Mgomba wa Mshare

Salamu kutoka Moshi, ambako wiki hii barabara zimejaa magari ya watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi. Sisi hatuna pilau ya kubaki, tuna mbuzi. Kwa kweli mbuzi wa kuchoma aliyelala ni mgumu, hata ukimtia katika mchuzi wa nazi dakika 8 bado utatafuna mpaka taya zichoke, hasa kama alikuwa beberu mzee.

Kwa nyama ya namna hiyo, utaratibu wa mwanzisha uzi hauna budi kugeuzwa. Nyama ngumu huingia mapema pamoja na mifupa, ikachemka polepole kwa saa moja na nusu mpaka iachie yenyewe. Ndizi mshare humenywa, zikakatwa na kupikwa katika supu hiyohiyo mpaka zilainike, kisha mifupa hutolewa na ndizi hupondwa kwa mwiko mpaka zichanganyike na supu. Kitunguu, nyanya kidogo, basi. Huo ni mtori, na sijui chakula kingine kinachotuliza tumbo la mtu aliyekula nyama siku tatu mfululizo. Kwetu mzazi aliyejifungua hupewa mtori, kwa hiyo mpate picha ya upole wake. Ila masizi yakwanguliwe kweli, maana mtori hauna viungo vya kuyaficha.

Kibao cha Mbuzi

Umenisahihisha mahali pa haki. Mbuzi wetu alikuwa mdogo na wa mjini. Kwa nyama iliyo ngumu fuateni maelezo ya Moshi; kwa kuku na nyama laini fuateni yangu.

Mgeni wa Baridi

Nawasoma kutoka Minneapolis, Marekani, nje theluji. Huku sikukuu yenye viporo vingi kuliko zote ni ile ya Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani, ambapo kila nyumba huoka bata mzinga mzima. Ndege huyo anaweza kufika kilo 7 au zaidi, na familia ya watu watano haimmalizi. Mwaka huu nilipewa na jirani mzoga wake ukiwa bado na nyama pembeni, pamoja na bakuli la viazi vilivyopondwa.

Nilichemsha mifupa kwa saa mbili, nikakaanga vitunguu na nyanya kwa tangawizi na bizari, nikatia tui la kopo. Viazi vilivyopondwa nilivitumia kuufanya mchuzi uwe mzito, vijiko 4 vikubwa, navyo vina siagi na maziwa, kwa hiyo ladha ikawa ya utajiri ambao sikuutarajia. Nyama ya kifua cha bata mzinga ni kavu hata siku ya kwanza, kwa hiyo iliingia mwisho kabisa, nikafunika nikaacha ichemke kidogo tu. Nilimpelekea jirani bakuli moja. Aliuliza kama hayo ni mapishi ya bata mzinga ya Kitanzania, nikamjibu kwamba ni mapishi ya Jumapili ya kwetu, na ndege wake amealikwa tu.

Chumba Kimoja

Wakuu, mimi nimepanga chumba kimoja, sina friji, na leo nimepewa na ndugu pilau na nyama nyingi. Je, nikichemsha mchuzi usiku kabla ya kulala bila kufunua mfuniko mpaka asubuhi, utafaa? Nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo.

Kibao cha Mbuzi

Ndugu yangu, nitakujibu bila kuzunguka. Njia hiyo inapunguza hatari lakini haiiondoi, kwa sababu wapo vijidudu wengine, akiwemo Clostridium perfringens, ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na hupenda hasa sufuria ya nyama inayopoa polepole usiku kucha. Mchuzi wa nazi ndio unaochacha wa kwanza. Wali usiuweke kabisa. Uule usiku huohuo, au ugawe kwa wapangaji wenzako ungali wa moto, na utapata marafiki.

Nyama ndiyo ninayoweza kukushauri uombe nafasi katika friji la jirani au la muuza duka, ukaipeleka katika mfuko mdogo uliobanwa vizuri, si sufuria nzima, maana kibakuli cha nyama iliyochambuliwa hakimnyimi mtu nafasi ya soda zake. Asubuhi unaichukua na kuianzia mchuzi mpya kwa kitunguu na nyanya. Kwa wenye friji wanaokatiwa umeme, mlango usifunguliwe. Ukibaki umefungwa, ubaridi hudumu kwa saa 4 hivi, na kabla hazijaisha pikeni kilichopo mkimalize.

Mwiku wa Mvita

Na tui likishakatika, dada, kama lile la mbele ya mama mkwe, lina dawa au ndiyo basi?

Kibao cha Mbuzi

Halirudi kuwa kama mwanzo, ila mchuzi haujaharibika, umeharibika sura tu. Epua, toa viazi viwili, viponde kwa uma mpaka viwe laini, virudishe na ukoroge kwa nguvu mchuzi ukiwa nje ya moto. Wanga wa viazi hushika yale mafuta na vidonge havionekani sana. Siku ile sikuijua mbinu hii. Mama mkwe alisogea na upawa wake, akatoa viazi viwili.